Sheria ya Brussels, kontra ya mugodi: jina la mufanyakazi liko wapi?

Ndugu wa kazi, na ninyi bamama munaongoja mushahara kule nyumbani, leo tunataka kuwaelezea jambo linalofanyika mbali sana na Pweto lakini linagusa chungu chetu.

Mwezi wa Desemba 2025, kule Brussels, wakubwa wa Umoja wa Ulaya walikubaliana kupunguza sheria waliyoipitisha wao wenyewe mwaka wa 2024. Ile sheria ilikuwa inaambia makampuni makubwa hivi: usiangalie kazi ya kwako tu, angalia pia namna watu wanavyofanya kazi kwa wale wanaokuuzia mali, mpaka kule chini inakotoka. Na kama mutu ameumizwa kule chini juu ya uzembe wako, utajibu mbele ya zuzi. Sasa imekatwa mikono.

Wengi wametuuliza: "Ile sheria ya Wazungu inatuhusu nini? Hata sheria ya Kongo hatujaionaka ku mine." Jibu letu ni kwamba inatuhusu, lakini si kwa njia ambayo watu wanafikiri. Haitufikii kama sheria. Inatufikia ikiwa imevaa nguo ya kontra, na kontra inalinda wale ambao majina yao yameandikwa ndani. Kazi yetu ni kujua jina letu liko wapi.

Sheria iliyojengwa juu ya kiwanja cha soko

Umoja wa Ulaya ni inchi 27, lakini kwa biashara ni soko moja. Mali ikiingia ku bandari moja, inazunguka kote bila duane. Soko moja linataka kanuni moja. Mwaka wa 2017 Ufaransa ilipitisha sheria yake ya kulazimisha makampuni makubwa kuchunguza wauzaji na watu wa sutretansi. Ujerumani ikapitisha ya kwake mwaka wa 2021, ikaanza kutumika 2023. Inchi nyingine hazikuwa na kitu. Makampuni yakalalamika: yule wa Paris anabeba muzigo, jirani yake wa inchi nyingine anakimbia na mikono mitupu, na wote wanauza katika soko lile lile. Ndiyo sababu moja kubwa ya Brussels kutengeneza sheria moja kwa wote, tarehe 13 Juni 2024.

Tusome vizuri hapo. Katika mikataba ya Ulaya, vifungu vilivyotumiwa kuipitisha ile sheria ni vifungu vya soko na vya makampuni. Ndani yake wanasema juu ya haki za watu, ni kweli, na wengi waliopigania maneno yale walikuwa na moyo safi. Lakini nyumba imejengwa juu ya kiwanja cha soko. Soko likitikisika, nyumba nayo inatikisika.

Na soko lilitikisika. Umeme na gazi vilikuwa bei kali kule kwao, China iliwasumbua kwa motokari za umeme, Marekani iliongeza kodi ya kuingiza mali. Makampuni yakasema kanuni zimekuwa nyingi. Aprili 2025 wakasogeza tarehe ya kuanza. Desemba 2025 wakakata. Mwanzoni sheria ingeshika kampuni ya Ulaya yenye wafanyakazi zaidi ya 1,000 na mauzo ya zaidi ya ero milioni 450 kwa mwaka. Sasa itashika zile zenye zaidi ya wafanyakazi 5,000 na mauzo ya zaidi ya ero bilioni 1.5. Kuanza ni Julai 2029. Na kitu ambacho kwetu ni kibaya kuliko vyote: wameondoa kanuni iliyokuwa inalazimisha kila inchi ya Ulaya kufungua mulango wa namna moja kwa mutu aliyeumizwa, aombe malipo. Sasa kila inchi inabaki na mulango wake, mupana ao mwembamba.

Kilwa inatufundisha maana ya mulango kufungwa

Katika teritwari ya Pweto hatuhitaji mwalimu wa kutueleza jambo hili. Mugodi wa Dikulushi, wa shaba na feza, ulianza kazi mwaka wa 2002 chini ya kampuni Anvil Mining, yenye ofisi Australia na Kanada. Mali ilikuwa inashuka mpaka Kilwa, inavuka ziwa Mweru, inaingia Zambia. Mwaka wa 2004 MIGA, tawi la Banki ya Dunia, ilikubali kuupa mradi ule asiransi ya dola milioni 13.3, kama vita ao fujo ingeuharibu. Kwa hiyo makuta ya mwenye mali yalikuwa na karatasi inayoyalinda.

Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kikaingia Kilwa. Jeshi la Leta likaja kukifukuza. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulisema zaidi ya watu 70 waliuawa, na wengi wao ni raia. Jeshi lilitumia motokari za kampuni. Kampuni ilisema zilichukuliwa kwa amri ya jeshi, na ilikataa kwamba ina kosa. Juni 2007 tribinali ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachilia huru wafanyakazi watatu wa kampuni pamoja na askari walioshitakiwa juu ya mauaji yale.

Familia hazikuchoka. Zilipeleka neno lao Kanada, kwa njia ya mashirika yanayotetea haki za watu. Aprili 2011 zuzi wa kwanza wa Quebec akasema mulango uko wazi. Januari 2012 korti ya juu yake ikasema hapana, Quebec haina mamlaka juu ya mashitaka haya. Novemba 2012 Korti Kuu ya Kanada ikakataa kusikiliza. Ni katika mwaka wa 2017 tu ndipo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi wake: inchi ya Kongo iko na kosa, na inapaswa kulipa dola milioni 2.5 kwa wahanga wanane na familia zao. Miaka kumi na mitatu. Na uamuzi ule ulikuwa juu ya Leta, juu Tume haiwezi kuhukumu kampuni.

Ndugu, hatuelezi haya ili kufungua kidonda. Tunayaeleza juu yanaonyesha kasoro iko wapi. Kampuni ina makao inchi moja, mugodi inchi ya pili, mununuzi inchi ya tatu. Mutu akiumizwa, kila tribinali inamwambia "nenda kule". Ile sheria ya Brussels ya 2024, katika maandiko yake ya kwanza, ilikuwa imeanza kuziba kasoro hiyo kwa upande wa Ulaya.

Nini imebaki? Kampuni yenye makao yake Ulaya bado inaweza kushitakiwa kule kwao. Lakini kanuni ya Ulaya ya mwaka wa 2007, inayoitwa Roma II, inasema zuzi atumie kwanza sheria ya mahali ambapo madhara yalitokea. Maana yake, mutu wa Kilwa akifika mbele ya zuzi wa Paris, zuzi atafungua sheria ya Kongo. Na sheria yetu ya mambo ya deni na kontra ni ile dekre ya 30 Julai 1888, ya wakati wa Leopold. Kifungu cha 258 kinasema kwa kifupi kwamba anayemuletea mwenzake madhara kwa kosa lake anapaswa kuyarekebisha. Ni maneno mazuri. Lakini kutafuta ushahidi ni juu yako, kulipa avoka ni juu yako, na mununuzi wa mwisho anaweza kusema: "Kosa si langu, ni la yule aliyeniuzia." Ndipo maandiko ya kwanza ya Brussels yalitaka kanuni ya Ulaya ipite juu. Sasa yameondolewa.

Namna sheria inavyosafiri ndani ya kontra

Tugeukie sasa kobalti, juu ndipo jambo linaonekana wazi. Tangu 2023 Ulaya iko na sheria ya bateri. Anayetaka kuuza bateri katika soko lao atapaswa kuonyesha kwamba amechunguza mahali zinakotoka kobalti, nikeli, litiamu na grafiti. Ilikuwa ianze Agosti 2025. Wameisogeza mpaka tarehe 18 Agosti 2027. Shaba haimo katika orodha ile. Sheria yao nyingine, inayotumika tangu Januari 2021, inahusu bati, tantali, tungsteni na zahabu. Kwa hiyo kijana anayepasua jiwe la kobalti Kolwezi anatajwa Brussels, na kijana anayepasua jiwe la shaba upande wa Kilwa hatajwi, hata kama vumbi ni lile lile.

Lakini hata huyo wa Kolwezi, anatajwa namna gani? Brussels haiwezi kutuma inspekta wake Kolwezi. Kwa hiyo inamwambia mwenye kiwanda cha motokari kule Ulaya: jua mali yako. Yeye anaandika katika kontra yake na mutengeneza bateri: wewe utanihakikishia kila kitu kiko sawa. Mutengeneza bateri anaandika vile vile kwa kiwanda cha kusafisha kobalti, ambacho mara nyingi kiko China. Kiwanda kinaandikia kampuni ya mugodi. Kampuni ya mugodi inaandikia makampuni ya sutretansi, yale yanayopewa kazi ya kupasua, kubeba, kulinda na kupika. Kila mutu anatia mukono na kusukuma muzigo kwa yule anayemufuata. Amri ya Leta za Ulaya imegeuka kuwa mapatano ya watu binafsi.

Mwisho wa munyororo kuna nani? Kuna mufanyakazi wa sutretansi. Novemba 2021 shirika RAID la Uingereza na wenzao wa CAJJ wa Kolwezi walitoa ripoti juu ya migodi mitano mikubwa ya kobalti: zaidi ya nusu ya wafanyakazi walikuwa wa sutretansi. Sisi wa sendika tunawajua. Wanavaa kofia ya rangi nyingine, wanakula sehemu nyingine, na wakiumia wanaambiwa: "Weye hauko wa huku, weye uko wa sutretansi. Wende uone patroni yako." Siku watu wa kukagua wanakuja, kofia mpya na glovu zinatoka ku depo. Kesho yake zinarudi. Mukaguzi ameandika yale aliyoyaona, karatasi imepanda mpaka Ulaya, bateri imeuzwa.

Hapo ndipo sheria inapotuponyoka. Ile dekre ya 1888, katika kifungu cha 33, inasema kontra iliyofanywa vizuri ni sheria kwa wale walioifanya. Kwa wale walioifanya. Mutu wa nje hawezi kuja kudai faida yake, isipokuwa wamemuandikia waziwazi. Katika munyororo ule wote kila kontra inasema juu ya usalama wa mufanyakazi, lakini mufanyakazi mwenyewe hayumo. Ahadi ya kumulinda imefanywa kati ya wafanyabiashara wawili, na wao ndio peke yao wanaoweza kuidai. Mununuzi akiona ahadi imevunjwa, mara nyingi anachoweza kufanya ni kuacha kununua. Basi mugodi unafungwa, na anayelala njaa ni yule yule aliyepaswa kulindwa.

Mufano wa sendika iliyoshinda

Tusikate tamaa, juu kuna mufano wa kutia nguvu. Ile sheria ya Ufaransa ya 2017 bado iko. Sendika SUD PTT, ya wafanyakazi wa posta, iliitumia kushitaki La Poste, kampuni kubwa ya barua na mizigo. Lawama yao ilihusu watu wa sutretansi waliokuwa wanapanga mizigo bila karatasi za kukaa Ufaransa. Tarehe 5 Desemba 2023 tribinali ya Paris ikaamua kwamba mupango wa La Poste wa kuchunguza hatari haukutosha, ikailazimisha kuutengeneza upya. Juni 2025 korti ya rufaa ikakubali uamuzi ule.

Tuone ni nani alishinda. Haikuwa Leta ya Ufaransa, wala mununuzi mwenye huruma. Ilikuwa sendika, juu ilikuwa na majina, tarehe, kontra na watu waliokubali kusema. Sheria ilikuwa sawa panga ukutani. Walihitajika watu wa kulishika.

Na Leta yetu?

Hatuwezi kulilia Brussels tu na kusahau Kinshasa na Lubumbashi. Leta yetu ikitaka, iko na nguvu. Tarehe 22 Februari 2025 ilisimamisha kobalti yote isitoke inchini. Oktoba 2025 ikafungua kwa kipimo: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na vile vile 2027. Dunia nzima ilisikia, na bei ikapanda. Kwa hiyo asituambie mutu kwamba Kongo ni ndogo mbele ya soko. Inchi iliyoweza kuzuia kobalti kutoka inaweza pia kuzuia mutu asifanye kazi miaka mitano kwa kontra ya miezi mitatu mitatu.

Na sheria tunazo. Kode ya mines ya 2018 inadai kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na asilimia 15 ya ushuru wa madini iende kwa sekta ao komini ya mahali penyewe. Sheria ya 8 Februari 2017 juu ya sutretansi inataka kampuni hizo ziwe mikononi mwa Wakongomani. Ni vizuri. Lakini tusidanganyike: patroni Mukongomani ao patroni mugeni, mushahara mudogo ni mudogo. Sheria ile inalinda mwenye kampuni ndogo mbele ya mwenye kampuni kubwa. Mufanyakazi analindwa na Kode ya Kazi ya 2002, na hiyo wengi hawajaisoma.

Inasema hivi. Kontra ya CDD haipiti miaka miwili, na inafanywa upya mara moja tu. Kazi ya kudumu inadai kontra ya kudumu. Anayefanya kazi ya siku kwa siku, akitimiza siku 22 ndani ya miezi miwili, kisha akaitwa tena kabla ya ile miezi miwili kuisha, amekuwa mutu wa CDI. Kontra isiyoandikwa inahesabiwa kuwa ya CDI, mpaka mwajiri alete ushahidi mwingine. Ndugu, maneno haya machache yako na nguvu kwetu kuliko kurasa zote za Brussels, juu hapa mufanyakazi ndiye mwenye kudai, kwa jina lake mwenyewe.

Juu ya nini tuiangalie Ulaya, basi? Juu yenyewe inatuhitaji. Oktoba 2023 Ulaya ilitia mukono na Kongo na Zambia mapatano juu ya madini na reli ya Lobito. Mwaka wa 2024 ikaandika katika sheria yake kwamba mpaka 2030 haitaki kutegemea inchi moja ya nje kwa zaidi ya asilimia 65 ya madini yoyote ya lazima kwake. Shaba na kobalti zimo katika orodha hiyo. Anayetafuta anaweza kuambiwa bei, na bei haipaswi kuwa ya tani tu. Inaweza kuwa pia ya kontra.

Tufanye nini

Kwanza, karatasi. Kila mufanyakazi awe na kopi ya kontra yake, ya fishi ya malipo ya kila mwezi, na namba yake ya CNSS. Asiyepewa kontra aandike mwenyewe katika kaye siku alizofanya kazi, chantie gani, chini ya shefu gani. Bamama, mutusaidie hapo: karatasi zikae kavu katika malle ya nyumbani, si katika mufuko wa koti la kazi.

Pili, delege wa sendika waulize swali moja katika kila mazungumzo na kampuni: "Mununuzi wenu amewaandikisha ahadi gani juu ya wafanyakazi?" Ahadi zile ziingizwe katika mapatano ya pamoja, pamoja na watu wa sutretansi. Zikiingia mule, hazitakuwa tena siri ya wafanyabiashara wawili. Zitakuwa kontra yetu, na kifungu cha 33 kitafanya kazi upande wetu.

Tatu, pale ambapo kampuni ya Ulaya ndiyo mununuzi, tujifunze njia ya kulalamika. Hata baada ya kukatwa, sheria ya Brussels bado inadai kampuni zinazohusika ziwe na mulango wa kupokea malalamiko, na sendika zinatambuliwa pale. Tushirikiane na sendika za kule. Wao wako karibu na tribinali, sisi tuko karibu na ushahidi.

Ine, tudai Leta ihesabu shaba sawa kobalti. Kama kuna kanuni ya kuchunguza namna jiwe limetoka, basi iandikwe hapa Kongo, kwa madini yote, wala isingoje orodha ya bateri za wengine.

Hatusemi Ulaya ni adui, wala hatusemi ni mukombozi. Sheria yao ilitoka sokoni, na soko limeipunguza. Kesho soko linaweza kuirefusha tena. Tutaitumia pale inapotusaidia. Lakini ulinzi wa mutu wa Pweto, wa Kilwa ao wa Kolwezi utaanza siku jina lake litakapoandikwa katika kontra, kwa lugha anayoielewa, na kopi ikiwa mikononi mwake. Atakayeomba kopi ile juma hili na akanyimwa, amwite delege wake. Kazi yetu ni hiyo.